Babu kazaliwa Calabria, dogo anacheza raga ligi Queensland, anaweza kuvaa jezi ya Italia?

BabaLuka

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa anayeijua raga ligi, ile ya watu 13, sio yunioni ya 15. Mimi niko Queensland kaskazini, mke wangu kazaliwa hukuhuku ila baba yake alizaliwa kijijini Calabria, akaletwa Australia na wazazi wake akiwa mtoto miaka ya 50, wakafikia Ingham kwenye miwa kama Waitaliano kibao wa kule. Mkwe wangu alishatangulia mbele za haki. Sasa kijana wetu ana miaka 16, anacheza winga, na mbio anazo, sisemi kwa sababu ni wangu hata makocha wanasema. Mzazi mmoja pale uwanjani akaniambia huyu mtoto na hiyo damu ya kwa mama yake anaweza kuchezea timu ya taifa ya Italia siku moja. Toka siku hiyo nyumbani hakukaliki, dogo kashabandika bendera chumbani.

Kinachonichanganya ni hivi. Kuna jamaa anajiita ajenti wa uraia anasema lazima kwanza tumtafutie pasipoti ya Italia, na hela anayotaka sio ya kuitaja hapa, halafu mkwe mwenyewe aliapa uraia wa Australia kabla mke wangu hajazaliwa, sijui hapo inakuwaje. Shemeji yangu naye anasema ukishavaa jezi ya Italia ndio basi tena, Queensland kwenye Origin (ile mechi za kila mwaka za Queensland na New South Wales) na Australia umeshaaga. Na mimi mwenyewe kuna kitu kinanikaa kooni, hii timu ya Italia mbona kila jina nikilitafuta nakuta mtu kazaliwa Sydney? Sitaki mwanangu ajivunie kitu ambacho watu wanakicheka.

Winga_Mstaafu

Mkuu shika hela yako mfukoni kwanza. Huyo ajenti ama hajui raga ama anajua sana biashara.

Kwenye raga ligi ya kimataifa hawaangalii pasipoti, wanaangalia nani kazaliwa wapi. Ukizaliwa nchi husika unachezea, mzazi wako mmoja akizaliwa huko unachezea, na bibi au babu yako mmoja akizaliwa huko pia unachezea. Njia ya nne ni kuishi kwenye hiyo nchi miaka mitano mfululizo. Basi. Babu yake Luka kazaliwa Calabria, habari imeishia hapo, hata kama mzee aliapa uraia wa Australia au wa mwezini. Kinachowachanganya watu ni mpira wa miguu, FIFA wao wanataka uraia, kwa hiyo kila mtu anadhani michezo yote iko hivyo.

Uraia wenyewe ni kesi nyingine kabisa na kwa maelezo yako mimi naona mlango umefungwa. Zamani Mwitaliano akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari alikuwa anaupoteza wa kwao, hiyo ilikwisha Agosti 1992. Mkwe wako kaapa kabla binti hajazaliwa, kwa hiyo siku mkeo anazaliwa baba yake hakuwa tena Mwitaliano kisheria, na asichokuwa nacho hawezi kumrithisha. Juu ya hapo Machi 2025 serikali ya Italia ikakaza zaidi, uraia wa damu ukabanwa uishie kwa mzazi au babu na bibi, wale waliokuwa wanadai kupitia babu wa babu wakaachwa nje. Kwa hiyo dogo anaweza kuimba wimbo wa taifa wa Italia uwanjani na pasipoti ya Australia mfukoni, na hakuna sheria ya mchezo aliyovunja.

Halafu usisahau na wewe upo. Sheria hiyohiyo inampa na nchi uliyozaliwa wewe baba yake.

Mwana_wa_Halifax

Niko Uingereza, raga ligi ndio dini ya huku kaskazini, nimeingizwa na majirani. Nijibu la shemeji maana hilo ndilo kosa watu wengi hufanya.

Kwenye raga ligi nchi zimegawanywa madaraja. Daraja la juu ni Australia, New Zealand na England, hao watatu tu. Waliobaki wote, Italia, Tonga, Samoa, Lebanon, Ireland na wenzao, wako chini yake. Mtu anaruhusiwa kuchezea nchi ya chini kisha akahamia ya juu akiitwa, na akarudi chini pia, mradi asivae jezi mbili kwenye mashindano yaleyale. Kisichoruhusiwa ni kurukaruka kati ya hao watatu wakubwa. Na kuichezea Italia hakukuzuii Origin hata kidogo.

Mfano uko wazi buda, James Tedesco. Kazaliwa New South Wales (NSW), damu ya Italia. Mwaka 2017 kacheza Origin na NSW, mwisho wa mwaka huohuo akavaa jezi ya Italia kwenye Kombe la Dunia. Miaka iliyofuata akaitwa Australia, na Kombe la Dunia lililochezwa 2022 huku kwetu yeye ndiye alikuwa nahodha wa Australia, kundi moja na Italia! Sasa mwambie shemeji wako amwulize Tedesco ni mlango gani ulifungwa. Aidan Guerra naye, mtu wa huko huko Queensland kaskazini, 2013 kavaa jezi ya Italia na baadaye Queensland wakamchukua Origin bila shida. Na njia ya kurudi ipo pia, Anthony Minichiello alikuwa Golden Boot 2005, yaani mchezaji bora wa dunia, akaichezea Australia miaka hiyo, halafu 2013 akawa nahodha wa Italia, wiki chache tu baada ya kubeba taji la NRL, ligi kuu ya huko, na klabu yake ya Sydney Roosters.

Raga yunioni ndio wagumu. Kule ukishachezea timu ya taifa ya wakubwa, ya nchi yoyote, umefungwa, ukitaka kuhama inabidi ukae nje miaka mitatu bila mechi ya kimataifa na unahama mara moja tu maishani. Nafikiri shemeji kasikia ya yunioni akaileta kwenye ligi.

Kisu_Kikali

Nyie mnamfurahisha mtu tu. Hebu tuseme ukweli, hiyo sio Italia, hiyo ni Australia namba mbili imevaa bluu. Ukienda Italia yenyewe ukamwuliza mtu barabarani raga ligi ni nini hajui, raga wanayoijua ni yunioni, na hiyo yenyewe imejaa upande wa Veneto huko Treviso, Padova, Rovigo, ukishuka kusini ni mpira wa miguu mwanzo mwisho. Sasa unachezea taifa ambalo halijui kama unalichezea?

Na matokeo mnayajua. 2022 Fiji wamewapiga 60 kwa 4. Australia 66 kwa 6. Hao wa Australia wanaobaki baada ya Australia kuchagua wakwanza wote, ndio hiyo Italia. Mzazi kauliza kama watu wanacheka, ndiyo wanacheka.

Mwana_wa_Halifax

@Kisu_Kikali umechagua mechi vizuri sana, hujasema mechi ya kwanza ya mashindano hayohayo waliwapiga Scotland 28 kwa 4 pale Newcastle. Australia wamewatwanga Scotland 84 bila, sasa na Scotland tuifute? Australia anampiga kila mtu.

Na 2013 ulikuwa wapi? Hao hao unaowaita Australia namba mbili walikuja Uingereza Kombe lao la Dunia la kwanza, wiki moja kabla wakacheza ya kirafiki na England pale Salford wakashinda 15 kwa 14. England kwake! Watu huku hawakuamini, mzee mmoja kazini kwetu alikuwa akiulizwa habari ya ile mechi anaondoka. Kisha Cardiff siku ya ufunguzi wakawapiga Wales 32 kwa 16 mbele ya Wales wenyewe, Workington sare 30 kwa 30 na Scotland, mechi ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona presha inapanda. Tonga ndio wakawazima Halifax hapa hapa, 16 bila, wakatoka kwenye makundi. Na kufika tu huko walipitia Belgrade 2011, sare 19 kwa 19 na Lebanon, mechi ya kufa na kupona, waliovuka ni wao kwa tofauti ya pointi. Lebanon nao nusu ya timu ni Sydney, hao mbona huwacheki? Na hao Lebanon robo fainali wamefika 2017 na 2022.

Mama_Leichhardt

Kaka BabaLuka mimi ni mke wa Mwitaliano wa Sydney, familia yao yote iko hapa Leichhardt na Five Dock, haya mambo ya karatasi nimeyapitia kwa wanangu (sio kwa raga, ni kwa mambo mengine) kwa hiyo nikupe kilicho cha maana, ubishi wa hawa kaka zangu waachie wenyewe.

Unachohitaji ni ushahidi wa mnyororo wa vizazi vitatu. Cheti cha Luka chenye jina la mama yake, cheti cha mama yake chenye jina la baba yake, na cha babu kinachoonyesha kazaliwa Italia. Viwili vya kwanza ni vya Queensland, unaagiza tu. Cha babu ndio watu wanakimbilia kwa maajenti na hakuna haja. Unaandikia comune, yaani halmashauri ya mji aliozaliwa, ofisi yao inaitwa stato civile, unaomba estratto dell'atto di nascita, yaani dondoo ya cheti cha kuzaliwa, na usisitize iwe na majina ya baba na mama. Unawapa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi wake kama unayajua, na nakala ya kitambulisho chako. Andika kwa Kiitaliano hata kama ni cha kubabaisha, wanajibu haraka zaidi. Comune ndogo za kusini nyingine zina mtu mmoja au wawili ofisini kwa hiyo Agosti usitegemee chochote, nchi nzima iko ufukweni.

Kuna tovuti ya nyaraka za serikali yao inaitwa Antenati, ni bure, ina vitabu vya zamani vya kuzaliwa na ndoa vimepigwa picha. Ila mkwe wako kama kaja mtoto miaka ya 50 basi kazaliwa miaka ya 40 na miaka hiyo kwa kawaida bado haijawekwa, hapo comune ndio njia. Itakusaidia ukitaka kwenda nyuma zaidi.

Kama hamjui jina la kijiji sawasawa, na hilo hutokea sana maana wazee walikuwa wanataja mji mkubwa wa karibu, nenda National Archives of Australia. Wana majalada ya wahamiaji na ya kuapa uraia, kwenye yale majalada kijiji kimeandikwa, meli imeandikwa, wakati mwingine na picha ipo. Mama mkwe wangu alilia alipoiona ya baba yake.

Winga_Mstaafu

Dada umenena. Niongeze tu kwamba kwa miaka 16 hakuna wa kumwuliza vyeti kesho asubuhi. Kinachomwita mtu timu ya taifa ni kuonekana, na huonekani kwa bendera chumbani. Queensland njia ni mashindano ya vijana, Cyril Connell chini ya miaka 17 halafu Mal Meninga chini ya 19, klabu kama Townsville Blackhawks au Northern Pride ya Cairns zina timu hizo, ukifanya vizuri huko unasogea Queensland Cup, ligi ya wakubwa ya jimbo, na wanaosaka wachezaji wa Italia wanaangalia humohumo maana majina ya ukoo yanajieleza yenyewe kwenye karatasi ya timu. Shida ya Luka ni hapo, jina la ukoo ni lako sio la babu yake, hakuna skauti atakayelisoma akawaza Calabria. Kwa hiyo nyie ndio muwatafute shirikisho la Italia la raga ligi au watu wao wa huko Australia, mjitambulishe mapema, mtoto aingie kwenye orodha yao.

Na mwambie ukweli kwamba Kombe la Dunia 2026 liko huko kwenu Australia lakini Italia hawamo, safari hii limepunguzwa timu 10 tu kutoka 16.

Kisu_Kikali

Haya 2013 nawapa, England 15-14 hiyo nimeikubali. Lakini hoja yangu bado iko palepale na hamjaijibu. Timu inayotegemea babu ni timu yenye tarehe ya mwisho. Fanyeni hesabu. Waitaliano walimiminika Australia baada ya vita kuu ya pili, miaka ya 50 na 60, sensa ya 1971 waliozaliwa Italia wakafika karibu 290,000, ndio kilele. Baada ya hapo wimbi likakatika kwa sababu Italia ilishatajirika, leo waliobaki ni chini ya 200,000 na wengi wao wazee sana. Wanaojiita wenye asili ya Italia wamezidi milioni moja, sawa, ila asili sio sheria, sheria inataka babu au bibi. Vijana wa umri wa Luka wengine babu zao tayari walizaliwa hukohuko Ingham na Griffith, aliyezaliwa Italia ni babu wa babu, hao hawachezi. Tonga na Samoa wao watu bado wanahama na wanarudi kila mwaka, bomba halikauki. Italia limekauka. Miaka ishirini ijayo mtatoa wapi wachezaji?

Mwana_wa_Halifax

Hapo sasa umesema kitu, na sina jibu rahisi. Kwa Ingham mbaya zaidi maana kundi la kwanza la kule liliingia 1891 kukata miwa, kuna familia za vizazi vitano sasa, mtu anaongea Kipiemonte, lugha ya kaskazini mwa Italia, cha babu wa babu yake na kwenye raga ligi hahesabiki Mwitaliano hata kidogo. Na wakati huohuo mtu ambaye bibi yake kazaliwa Napoli kwa bahati akiwa safarini anahesabika. Sheria ni sheria ila hapo inachekesha.

Jibu la kweli ni mchezo uote Italia kwenyewe, na mbegu ilishawahi kupandwa, 1960 Australia walisimama Italia wakacheza Padova na Treviso, baadaye ikafa kwa sababu yunioni ndiyo iliyokuwa na viwanja, hela na serikali. Sasa hivi klabu chache zipo, ndogo, wachezaji wengi wanatoka yunioni wanakuja kucheza kiangazi. Kwenye vikosi vya Kombe la Dunia wamekuwemo waliozaliwa Italia lakini unawahesabu kwa vidole. Ningekuwa mimi shirikisho, kila mchezaji wa Australia anayepewa jezi ningemtaka aende Italia kiangazi kimoja afundishe watoto, jezi isiwe zawadi ya babu tu.

BabaLuka

Wakuu mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Ajenti nimeshampigia nikamwambia asante, akakata simu. Hoja ya Kisu_Kikali nimemsomea mke wangu akanyamaza kidogo halafu akasema basi Luka aharakishe kwa sababu watoto wake hawatapata, na mimi hilo sikuwa nimeliwaza. Kwenye kucheka hapo nimeamua, baba yake mkwe alikata miwa kwa mkono kwenye jua la kule, kama mjukuu anataka kuvaa bluu kwa ajili yao sioni cha kuchekwa. Ila wazo la kwenda kufundisha huko Italia nimelipenda, dogo kalipenda zaidi yangu sijui kwa nini (pasta nahisi).

Dada Mama_Leichhardt swali moja. Cheti cha ndoa cha mkwe na kaburi lake vinasema Joseph, na ukoo umeandikwa na herufi moja iliyopungua, ila mama mkwe anasema jina lake la ubatizo ni Giuseppe na ukoo una T mbili. Kwenye cheti cha mke wangu pia baba ni Joseph. Hii itatukwamisha?

Mama_Leichhardt

Haitawakwamisha, kila Giuseppe wa kizazi kile aligeuzwa Joe na karani wa bandarini au na mwalimu wa shule. Comune waandikie kwa jina la Kiitaliano na T mbili kama alivyobatizwa, maana kitabu chao hakimjui Joseph. Halafu jalada lake la kuapa uraia lile la National Archives ndilo litakalounganisha, wengi mle wameandikwa majina yote mawili, hilo unalitoa nakala unaliweka katikati ya vyeti. Na muulize mama mkwe kama anayo bado ile pasipoti ya zamani waliyoingilia, watoto walikuwa wanaandikwa kwenye ya mama yao, kwa hiyo msitafute yenye picha yake, tafuteni ya bibi.